Herufi Kubwa za Bi Pindo

Ukitaka kumkasirisha Bi Pindo, mwambie, "Lete nikusomee." Hilo tu linatosha. Mwambie amezeeka, atakuuliza wewe unaelekea wapi. Mwambie gauni alilokushonea limekubana, atakuuliza ulikula nini tangu akupime. Lakini mwambie utamsomea kitabu, hapo utamwona mama wa watu anavyogeuka pilipili, na wewe utabaki unajiuliza umekosa nini.

Bi Pindo ni fundi wa nguo, na jina hilo alipewa na wateja kwa sababu pindo lake halijawahi kufumuka. Chumba chake cha kazi kinatazama barabara. Kina cherehani mbili, moja mbovu inayokaa pale kwa heshima tu, meza ya kukatia, kioo kirefu, na benchi la wateja. Nje ya mlango hukaa mumewe, dereva mstaafu, na redio yake. Vyumba vya nyuma ndiko walikolea watoto na kumtunza mama mkwe mpaka alipofariki.

Katika nyumba ile, Bi Pindo aliitwa kuanzia asubuhi. Huyu anaita mama, yule fundi, yule shangazi, na mume naye anaita hata kama anachotafuta kipo mbele ya pua yake. Kitabu ndicho kilikuwa mahali pekee ambapo hakuna aliyemfuata. Akikifungua, hata mama mkwe, ambaye hakuwa mtu wa kumngoja yeyote, alijifunza kungoja mpaka mwisho wa ukurasa. Kwa hiyo usione ajabu nikikwambia kwamba kusoma kwake hakukuwa mapambo. Ndiyo sehemu ya maisha aliyokuwa nayo peke yake.

Lakini kitabu chenyewe alikinunua pamoja na wenzake. Walikuwa wanne pamoja naye. Kulikuwa na Msusi wa saluni ya mlango wa pili, mwanamke ambaye mdomo wake haujawahi kwenda likizo. Kulikuwa na Mama Duka wa kona, mtu wa maneno machache na macho makali. Na kulikuwa na Muuguzi wa zahanati, mdogo kuliko wote, mpole, ambaye alikuwa akiingia na viatu vyake vyeupe mkononi ili asichafue sakafu. Wanawake hawa walichanga, wakanunua kitabu kimoja, na Bi Pindo akakilaza juu ya meza ya kukatia na kukichana.

Ndiyo, kukichana. Alipitisha wembe kwenye gundi na uzi, akakigawa mafungu manne, kila fungu akalishonea jalada la kitambaa. Halafu wakapiga kura. Aliyepata fungu la kwanza alishangilia. Aliyepata la nne aliitwa mshika mwisho, na huyo ndiye wa kuonewa huruma, maana alijua nani kafa kabla hajajua nani kazaliwa, kisha alitakiwa afunge mdomo mpaka wote wamalize. Kila Jumamosi mchana walikutana na kubadilishana mafungu, wakitazamana kwa macho ya kuviziana. Safari moja kura ilimwangukia Msusi, na kwa muda wote ule alitembea na pini za nywele mdomoni hata alipokuwa hana mteja. Siku wote walipomaliza ndipo mazungumzo yalipofunguliwa, na ubishi ulikuwa mkali kiasi kwamba yule mstaafu wa nje alizima redio ili asikilize.

Riwaya ya safari hii ilikuwa nene, habari ya dada wawili waliogombea nyumba ya marehemu baba yao. Bi Pindo alipata fungu la kwanza, kwa hiyo akaenda sawasawa na kitabu. Mwishoni mwa fungu la tatu, dada mkubwa alibeba sanduku lake akaondoka, akaapa kwamba hatakanyaga tena pale, na mdogo akabaki na funguo zote na bila amani. Bi Pindo alimpenda yule dada mkubwa kama mtu wa ukoo. Alimkasirikia kwa kuondoka. Alitaka kujua kama atarudi, na alitaka kujua kwa hamu ya kukosa usingizi.

Basi fungu la nne likamfikia, na likakwama hapo.

Wenzake walikuwa wamemaliza. Kila Jumamosi walikuja wakakaa kwenye benchi, na kila Jumamosi alikuwa na sababu. Mara sare za shule, mara cherehani, mara kichwa. Msusi akaanza maneno kwamba kuna watu wanataka kuula mwisho peke yao kama nyama ya chini ya sufuria. Mama Duka akauliza, bila kuinua macho, kama kitabu kimemchosha. Bi Pindo akavumilia, akavumilia, halafu akatupa mkasi mezani.

"Sioni," akasema. "Mmeridhika?"

Hakuna aliyeridhika. Ikabidi aeleze. Akilitazama neno, katikati yake paliingia doa. Akitazama pembeni, neno lilirudi. Akilifuata, likaondoka tena. Kushona aliendelea kwa sababu vidole vilijua njia, lakini herufi za kitabu hazishikiki kwa vidole. Daktari alikuwa amemwambia kwamba tatizo liko nyuma ya jicho, na miwani haitafika huko. Herufi kubwa sana zingemsaidia, kwa muda. Muda gani, daktari hakusema, na yeye hakuuliza.

Hapo ndipo Muuguzi alipotamka yale maneno, kwa nia njema kabisa, kwamba atakuwa anapita baada ya zamu kumsomea. Bi Pindo akamkatalia. Mumewe akadhani anakataa kwa kuona haya mbele ya wageni, akajitolea yeye. Walipoondoka, akalichukua fungu la nne akalisoma kwa sauti ya kutangaza mpira. Alisoma ukurasa mmoja, akasimama kumtukana dada mdogo, akaenda kunywa maji, akarudi akaanzia pasipo penyewe. Bi Pindo alimnyang'anya kitabu mkononi. Jioni hiyo chumvi ya chakula ilizidi.

"Si ubaya wako," alimwambia mumewe baadaye. "Nikisomewa, kitabu kinakuwa cha anayesoma. Mimi nataka nikifikie mwenyewe, nikiwa peke yangu, bila mtu wa kuvuta pumzi kabla ya neno baya."

Mumewe alisema ameelewa. Hakuwa ameelewa, lakini hakujitolea tena.

Mkwe wake, mke wa mwanawe wa kwanza, aliposikia habari hizi alikuja mwenyewe, na hakuja mikono mitupu. Alileta mashine ya kusomea vitabu, nyembamba, ya kijivu, ambayo wale wanawake waliiita kibao tangu siku ya kwanza. Akamwonyesha pa kuwashia, pa kugusa, na namna ya kukuza herufi. Bi Pindo akakuza, akakuza tena, mpaka mstari mmoja ukabeba maneno matatu tu. Akaliona neno zima, kuanzia mwanzo mpaka mwisho wake, bila doa kulifunika. Akacheka kwa sauti. Halafu akajaribu kulisoma neno lenyewe, na kicheko kikakatika.

"Hiki ni Kiingereza," akasema.

Mkwe akamwambia asijali, maana humo kuna vitabu vingi kuliko maktaba. Bi Pindo akamuuliza vyake ni vipi. Wakatafuta. Walitafuta mpaka betri ikaisha, wakachomeka, wakatafuta tena huku wameinama karibu na ukuta. Kiingereza Bi Pindo alikijua cha shule, na kukisoma kwake kulikuwa kama kutembea peku kwenye kokoto. Anafika, lakini hafurahii safari. Kwa Kiswahili walipata kitabu cha watoto cha herufi na picha za bata. Walipata kijitabu cha ufugaji wa kuku. Na walipata riwaya moja ambayo, baada ya kurasa chache, Bi Pindo alitangaza kwamba haikuandikwa na mtu mwenye mama, na mkwe akakiri kwamba labda ni kompyuta ndiyo iliyofasiri. Ile riwaya ya dada wawili haikuwamo. Hakuna riwaya yoyote waliyowahi kuichana mezani pale iliyokuwamo.

Sasa niambie, ungekuwa wewe ungefanya nini? Bi Pindo alisoma kuku. Alisoma magonjwa ya kuku yote, chanjo na mabanda, kwa herufi kubwa kama vifungo vya koti, naye hajawahi kufuga hata kifaranga. Alisoma kwa hasira. Jirani aliyekuja kuchukua sketi yake aliondoka na mawaidha kuhusu kuhara kwa vifaranga ambayo hakuyaomba.

Akaenda kwa muuza vitabu akauliza kama kuna riwaya zilizochapwa kwa herufi kubwa. Yule bwana akainuka kwa adabu, akamletea kitabu cha watoto, tena bata. Bi Pindo akamuuliza kwa nini ile riwaya haimo kwenye vibao. Akajibiwa kwamba walioichapa hawajaiweka, na kama wana mpango wa kuiweka, hawajamwambia. Alirudi nyumbani amekunja uso, akamkuta Mama Duka kwenye benchi anamngoja.

"Watu wananiuliza, karatasi au kibao, kama nachagua viatu," Bi Pindo akamwambia. "Kwenye karatasi kitabu kipo, macho sina. Kwenye kibao macho ninayo, kitabu hakipo. Nichague nini hapo?"

Aliyepata jibu ni Msusi, siku mbili tatu baadaye, akiwa na kitana kichwani mwa mteja. Alimwacha mteja na nusu ya kichwa, akaja mbio. Kama mashine haina kitabu, akasema, si tukiingize wenyewe? Kila mtu ana simu. Fungu la nne ligawanywe sehemu tatu, kila mmoja achape sehemu yake, atume. Wakampigia mkwe, naye akawaelekeza namna ya kutuma maandishi kutoka kwenye simu yakaingia kibaoni. Bi Pindo, ambaye kwa muda mrefu hakuwa na sababu ya kuushika ule wembe, aliushika. Mama Duka akapewa mwanzo, Msusi katikati, Muuguzi mwisho.

Loo, heri angebaki na kuku!

Sehemu ya Mama Duka ilifika kwanza, na ilikuwa fupi ajabu. Mwandishi alikuwa mtu wa kuzunguka, lakini hapa kila kitu kilikwenda moja kwa moja. Wakagombana. Mvua ikanyesha. Mdogo akajuta. Bi Pindo akatoka na kibao mpaka dukani. Mama Duka, bila aibu yoyote, akakiri kwamba maelezo ya mvua aliyaruka, kwani mvua anaijua. Na mabishano je? Yalikuwa yanajirudia. Ilibidi Bi Pindo asimame mbele ya mizani na kumweleza, wateja wakisikiliza, kwamba kitabu si mzigo wa kupunguzwa, na kwamba kama mwandishi amenyesha mvua kurasa mbili, basi naye anataka kulowa kurasa mbili. Mama Duka akachapa upya. Mvua ikarudi.

Sehemu ya Msusi ilikuwa balaa. Yeye aliona kuchapa kunamchelewesha, akaamua kuisomea simu huku anasuka, simu iandike yenyewe. Simu iliandika kila kitu ilichosikia. Dada mdogo alifungua kabati la baba yake akakuta usinivute hapo jamani pana kidonda. Alilia usiku kucha na shemeji yako naye karudi lini. Palikuwa na ukurasa mzima wa ndoa ya mtu ambaye hakuwamo katika riwaya, na Bi Pindo alikiri kwamba ukurasa huo aliusoma wote kabla ya kukasirika. Msusi akaambiwa arudie, akanuna, akarudia asubuhi kabla ya kufungua saluni.

Lakini sehemu ya Muuguzi! Ilikuwa safi kama shuka la wodini. Kila nukta ilikuwa mahali pake. Bi Pindo alisimamisha kazi, akavuta kiti mlangoni, akasoma mchana kutwa, kidole kikigusa, ukurasa ukigeuka. Alipofika mwisho alikaa na kibao mapajani, machozi yakamtoka, na mumewe alipomuuliza kuna nini alijibu kwamba hakuna kitu, amemaliza kitabu. Alisema kwa majivuno. Nadhani tangu aambiwe habari ya jicho lake hakuwahi kuwa na siku nzuri kama ile.

Jumamosi ikafika. Muuguzi zamu yake ilirefushwa, akaja wa mwisho na viatu mkononi, akakuta Bi Pindo ameshaanza. Maana kwa desturi yao aliyemaliza mwisho ndiye anayefungua mazungumzo, na Bi Pindo alikuwa ameyangoja haya kwa muda mrefu.

Alisema yeye tangu mwanzo alijua. Alisema kuondoka kwa dada mkubwa kulikuwa kwa mdomo tu, moyo haukuondoka. Akasifu namna mwandishi alivyomleta polepole, jioni, na sanduku lile lile, mdogo wake amesimama mlangoni hajui aseme nini, halafu anampokea sanduku bila kusema neno.

"Karudi wapi tena?" Msusi akasema. "Yule si alifia kwenye chumba cha kupanga?"

Muuguzi alikuwa amemkanyaga Msusi mguu, lakini alichelewa.

Mama Duka akaanza kujitazama kucha. Bi Pindo aligeuza kichwa kidogo, kama alivyozoea sasa, awaone kwa pembeni ya jicho, na alimwona Muuguzi amevikumbatia viatu vyake kifuani. Hakuhitaji kuambiwa zaidi.

"Ni wewe," akasema.

Muuguzi akaanza kujieleza. Alikusudia kuwatahadharisha wenzake mapema, zamu ikambana. Alisema katika kitabu dada mkubwa anaugua peke yake, anakufa, na mdogo anafika kesho yake na funguo za nyumba mkononi. Alisema amechapa mpaka hapo akashindwa. Wodini kila siku anawaambia watu ukweli, akaona hapa, kwa kurasa chache tu, hakuna atakayeumia.

"Dada, nilikuonea huruma," akasema. "Una mengi sasa hivi. Nilitaka upate mwisho mzuri."

Bi Pindo hakupiga kelele, na wote wangependa angepiga. Aliwaambia kwamba Mama Duka alimpunja, sawa, Mama Duka ni mvivu. Msusi alimtilia ndoa za watu, sawa, Msusi ni Msusi. Hao walikosea kitabu. Huyu hakukosea kitabu. Huyu alikaa akamtazama, akaona ni mtu wa kudanganywa.

"Nililia hapo mlangoni," akasema. "Nikamwambia mume wangu nimesoma kitabu. Ningekuwa na macho, ungenifanyia hivi?"

Muuguzi akaanza kurudi mlangoni.

"Basi kaa hapo uandike. Kila neno lililomo."

Muuguzi akakaa kwenye benchi la wateja. Mama Duka akamshikia kurasa. Kilichosikika ni kucha zikigonga kioo cha simu, na redio ya nje ambayo ilizimwa katikati ya taarifa ya habari. Msusi hakusema kitu, na sijui kama hilo limewahi kutokea tena. Kuna mahali Muuguzi alisimama, akapangusa macho kwa mkono wa sare, akauliza kama na hapa pia, maana ni pabaya. Bi Pindo akamwambia hapo hasa. Aliendelea mpaka nukta ya mwisho, akatuma, akainamisha kichwa.

Bi Pindo akachukua kibao. Akawaomba watoke nje, wote, na wafunge mlango. Wakatoka wakasimama barabarani na yule mstaafu, kama watu wanaongoja majibu.

Alisoma peke yake. Alisoma chumba cha kupanga, kikohozi, barua ambayo dada mkubwa hakuimaliza. Alisoma namna alivyokufa. Lilikuwa jambo la kuumiza, na liliumiza, lakini akajikuta anaumizwa zaidi na swali ambalo hajawahi kujiuliza juu ya kitabu chochote maishani mwake, kama ndivyo kilivyoandikwa kweli.

Akainuka, akaichukua ile karatasi ya mwisho pale Mama Duka alipoiacha. Akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha, akageuza uso pembeni, akaanza kuutafuta mstari wa kifo cha dada mkubwa. Herufi zilikuja na kuondoka. Aliwasikia wenzake nje wakinong'ona, wakinyamaza, wakinong'ona tena. Akakosea mstari, akarudi, akaweka sindano juu yake ili usimpotee, akaanza upya, herufi moja moja. Alipata a. Akapata k. Zilizofuata zikamchukua muda alioona mrefu kuliko mchana wote aliosoma kibao, mpaka shingo ikamuuma, mpaka akalipata neno zima. Akafa.

Akaichomoa sindano, akairudisha kwenye mto wake. Halafu akafungua mlango akawaambia waingie, na Muuguzi alipobaki amesimama nje na viatu vyake, Bi Pindo alimwambia na yeye aingie, kuna kitabu cha kubishania.